Pikipiki Tatu Nilizozikata kwa Msumeno Mmoja

Nina miaka thelathini na sita na nimestaafu. Najua mnacheka. Pale Sombetini kwenye banda langu la zamani vijana bado wananiuliza, "Msomi, unastaafu una mvi ngapi?" Sina hata moja. Nina sikio la kulia linalopiga filimbi mchana kutwa, na hilo linatosha. Miaka tisa nilikuwa fundi pikipiki, na katika miaka hiyo kazi iliyonipa jina ni moja: kufungua ekzosi. Ukitaka pikipiki yako isikike Daraja Mbili ukiwa bado uko Sombetini, ulikuja kwangu.

Ninawaandikia ninyi mnaotaka kufunguliwa ekzosi, na ninyi mnaojifunza kuzifungua. Msiniamini haraka. Mimi mwenyewe sikuwa naamini mtu, na mtaona palipobaki tundu.

Nilisomea ualimu wa fizikia chuo kikuu. Cheti kipo kwenye bahasha, bahasha ipo kwenye begi, begi lipo juu ya kabati la mama. Niliporudi Arusha bila ajira nilianza kwa kuendesha boda, na pikipiki ilipoharibika nikaipeleka kwa Fundi Ayo. Huyo alikuwa mzee mfupi, mpole, mwenye bisibisi moja ndefu ambayo hakuitumia kufungulia kitu chochote. Ncha aliigusisha kwenye injini, mpini akaubana sikioni, akafumba macho. Kisha akakwambia kinachouma.

Siku ya kwanza nilimuuliza ana uhakika gani.

"Sina uhakika," alisema. "Ndiyo maana nasikiliza."

Nikaacha boda nikakaa kwake. Alinifundisha kwamba pikipiki haina sababu ya kudanganya, ila mwenye pikipiki anazo nyingi. Mteja akisema "haijawahi kuguswa, fundi", angalia vichwa vya nati. Kama kona zimelika, imeguswa na watu watatu na mmoja wao alikuwa hana spana. Akisema "imeanza leo", futa vumbi uone mafuta yaliyoganda yana umri gani. Akisema anataka sauti "kidogo tu", jua kwamba jirani yake ana sauti kubwa.

Fundi Ayo hakufungua ekzosi hata moja. Mteja alipoomba, alimwonyesha barabara. Mimi nilimwona mzee amepitwa na wakati. Nilipofungua banda langu, nikanunua msumeno wa chuma na mashine ya kuchomelea, nikaanza.

Kazi yenyewe ni rahisi, na hilo peke yake lilipaswa kunitia shaka. Ule mtungi wa ekzosi ndani yake una vyumba na mabomba madogo yenye matundu. Sisi tuliyaita matumbo. Moshi unaingia na kelele, unazungushwa humo, unatoka umechoka. Mimi nilikata mtungi upande wa nyuma, nikavuta matumbo, nikachomelea bomba tupu, nikaufunga tena. Wengine waliutoa mtungi wote. Mimi nilijiona fundi wa hali ya juu kwa sababu kwa nje asiye fundi haoni kitu.

Wateja walikuwa na sababu tatu. Wakasema pikipiki inapata nguvu. Wakasema inapunguza kula mafuta. Wakasema sauti inaokoa maisha, mwenye gari hakuoni lakini atakusikia.

Ya nguvu na ya mafuta nilizipima. Nilifunga chupa ya nusu lita ya petroli kwenye usukani wa pikipiki yangu, nikaichomeka kwenye kabureta badala ya tangi, nikatoka Sombetini kuelekea Kisongo mpaka izime yenyewe. Nikiwa na matumbo ndani, ilizima mbele kidogo ya njia ya uwanja wa ndege. Bila matumbo, ilizima kabla ya kufika hapo. Nikarudia mara tatu, maana jaribio moja ni hadithi tu. Jibu lilikuwa lile lile. Plagi nikaifungua nikaikuta nyeupe kama mfupa, dalili kwamba injini inaungua kwa hewa nyingi. Nguvu haikuongezeka. Kilichoongezeka ni hamu ya mkono kuvuta mafuta ili usikie mlio.

Kwa hiyo nilijua. Na bado nilikata, kwa sababu mteja hakuja kununua nguvu, alikuja kununua mlio, na mimi mwenyewe niliupenda. Sababu ya tatu, ile ya kuokoa maisha, sikuipima. Niliirudia tu kwa kila aliyesita. "Kaka, sauti ndiyo breki ya kwanza," nilimwambia, na akakubali.

Sasa niwaeleze kuhusu Eli. Jina nimelibadilisha, na yeye amekubali nieleze.

Eli alikuwa kijana wa kijiwe chetu. Kwao ni juu, kwenye migomba na kahawa mteremkoni mwa Meru, na kila Ijumaa alipanda kumsalimu mama yake. Pikipiki yake niliikata siku moja na yangu na ya Saitoti, rafiki yetu wa Kisongo. Tatu za aina moja, msumeno mmoja, bomba moja nililoligawa vipande vitatu sawasawa. Saitoti alisema tumezaa mapacha watatu. Kule juu Eli alijulikana kwa mlio. Mama yake aliweka chai jikoni pikipiki ikiwa bado bondeni. Watu walisema "huyo Eli" bila kuinua macho kutoka kwenye kazi zao.

Jumamosi moja asubuhi Eli alikuja bandani kabla sijafagia.

"Msomi, nirudishie matumbo."

Nilidhani nimesikia vibaya. Huyu ndiye aliyewahi kuniambia pikipiki kimya ni kama harusi isiyo na ngoma.

"Yapi?"

"Si unayo kwenye boksi lako. Yarudishe. Na hiki chuma cha kukanyagia ninyooshee."

Chuma cha kushoto kilikuwa kimepinda kwenda nyuma. Niliinama nikakitazama. Mimi ni mtu wa kutazama.

"Umeanguka wapi?"

"Mtaroni, hapo Sombetini."

"Mtaro una zege. Mbona chuma hakina mkwaruzo?"

"Oya, wewe ni fundi au ni trafiki?"

Nikanyoosha. Nikarudisha matumbo. Wakati wa kuijaribu nikaona cheni imelegea, inapiga kava lake kila gurudumu likizunguka, tak, tak, tak. Nikamwambia akaze. Akasema atakaza. Akaondoka kimyakimya, na mimi nikabaki na shaka zangu mkononi kama chenji isiyo na mwenyewe.

Mchana tukapata habari. Ijumaa jioni, kwenye njia ya kijiji cha kina Eli, Babu Anaeli, mzee aliyegonga kengele ya kanisa miaka mingi, alikuwa akirudi na mzigo mdogo wa majani ya ng'ombe. Pikipiki ikamkumba ikamvunja mguu. Haikusimama. Alipoulizwa hospitali kama alimwona dereva, alisema, "Sikuona. Nilisikia. Ile ni sauti ya Eli."

Joshua, mtoto mkubwa wa mzee, alitaka Eli apelekwe polisi na aondolewe barabarani kabisa. Mshili, yule kiongozi wa ukoo anayesikiliza mashauri yao, akasema kwanza wakae kikao wiki inayofuata. Eli alisema Ijumaa ile hakupanda, alikuwa Daraja Mbili. Hakuwa na shahidi.

Mngefanya nini? Nilikuwa na chuma kilichopinda. Nilikuwa na mtu anayependa kelele aliyeamka siku moja akitaka ukimya. Kila kitu kilimwelekea yeye, na hilo ndilo lililonikera. Mambo yakikaa vizuri mno huwa nayashuku. Isitoshe, ushahidi wenyewe ulikuwa sikio. Pikipiki tatu zilikuwa na mlio ule, nami ndiye niliyezitengeneza zifanane. Nikajiambia: huwezi kumfunga mtu kwa kitu ambacho hakiwezi kumtofautisha na wengine wawili. Kuhusu kile chuma, sikumwambia mtu. Nilisema chuma si ushahidi mpaka sauti ithibitishwe. Msomi hakosi sababu.

Nikapanda kwa mshili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye unayezipa pikipiki pepo?"

"Ni mimi, mzee. Nina ombi."

Nilimweleza jaribio. Pikipiki zote tatu zifunguliwe kama zilivyokuwa. Babu akae mahali asipoona. Saitoti peke yake aendeshe zote, gia moja, mwendo mmoja, ili mkono wa dereva usibadilishe kitu. Mpangilio auchague mshili mwenyewe, amnong'oneze Saitoti. Babu ataje.

Mshili alikuna kidevu. "Na akitaja ya Eli?"

"Basi sikio lake ni shahidi."

"Na wewe utakubali?"

"Nitakubali."

"Unajua, kijana, mimi huwa nawauliza watu wangapi wanampenda mshitakiwa. Wewe ndiye wa kwanza kuja na gia."

Siku ya kikao tulikutana kiwanja cha kanisa. Nilitoa matumbo ya Eli tena, mbele ya watu, mikono ikinuka grisi kati ya wazee waliovaa makoti. Babu Anaeli aliletwa kwa gari la jirani, mguu umefungwa plasta, akawekwa kwenye kiti nyuma ya ukuta wa jiko, uso kwenye migomba. Joshua alisimama pembeni yake kama askari. Eli alisimama peke yake karibu na tangi la maji, kofia mkononi.

Saitoti akapita na ya kwanza, yake mwenyewe. Mbwa wote wakaamka. Akapita na ya pili, ya Eli. Akapita na ya tatu, yangu. Mimi nilikuwa kando ya mshili nikisikiliza kwa makini, na ninaapa sikusikia tofauti. Nilifurahi. Jaribio langu lilikuwa zuri.

Mshili akaenda nyuma ya ukuta. Sote tukamsikia.

"Mzee Anaeli, umezisikia?"

"Nimezisikia."

"Ipi iliyokuvunja mguu?"

Mtu akakohoa upande wa akina mama.

"Ya tatu."

"Baba, una uhakika?" Joshua aliuliza.

"Nimeulizwa nimejibu. Ya tatu."

Watu walicheka, kisha wakaacha kucheka, kisha wakanigeukia mimi. Mama mmoja akauliza kwa sauti, "Na huyu msomi Ijumaa hiyo alikuwa wapi?" Nilikuwa bandani nikichomelea, na wateja wanne wakinisubiri. Saitoti aliwataja kwa majina. Mshili akatoa uamuzi: sikio haliwezi kumtia mtu hatiani hapa, shauri la Eli limekwisha. Joshua alimsaidia baba yake kuingia kwenye gari bila kumtazama mtu.

Eli hakurukaruka. Hakunishukuru hata. Alivaa kofia akaitazama ardhi, nami nikasema ni uchovu. Mimi, ninayemshuku mteja kwa kona ya nati.

Wiki zilizofuata zilinifundisha kitu kipya. Kila nilipopanda kule juu, watu walitoka nje. Ushahidi ulikuwa upande wangu, wote waliusikia, lakini mlio wangu ulipopita walitazama magurudumu yangu kwanza, kisha uso. Mtoto akaniita "ya tatu". Jina likanikaa.

Nikaamua kwenda kumsalimu Babu, nikabeba ndizi na sukari. Nilimkuta amekaa barazani, fimbo mapajani. Uani Eli alikuwa amevua shati, akikata majani ya ng'ombe kwa panga. Aliponiona akainama zaidi.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu. Umekuja na ile ya tatu. Nimeisikia tangu darajani."

Nilicheka kidogo. Yeye hakucheka.

"Babu, unajua kwamba siyo mimi niliyekugonga."

"Najua. Ya Eli ilikuwa ya pili."

Niliweka ndizi chini.

"Cheni yake imelegea," alisema. "Ikishapita, dereva akipunguza mafuta, unasikia nyuma ya kelele: tak, tak, tak. Nimevuta kamba ya kengele nusu ya maisha yangu. Kengele ikipata ufa unaoingia unywele, mimi najua kabla ya mchungaji."

Cheni. Niliigusa kwa mkono wangu, nikaitaja kwa mdomo wangu, nikaisahau nilipokuwa na haraka ya kuwa na akili. Nilisikiliza mlio, sikusikiliza pikipiki. Fundi Ayo angeniondoa bandani.

"Basi kwa nini ulisema ya tatu?"

Babu aligeuza fimbo.

"Huyu kijana alikuja hapa siku moja kabla ya kikao. Alipiga magoti pale ulipoweka ndizi, akaniambia yote, kwamba aliogopa akakimbia. Nikamwambia mimi na yeye tumemalizana, lakini siku nitakapotembea bila fimbo atawaambia wanangu kwa mdomo wake. Mpaka hapo, ng'ombe anataka majani. Ningemtaja pale kikaoni, Joshua angempeleka polisi siku ile ile, na mimi nilishamwambia tumemalizana."

"Ungeweza kusema huzitambui."

"Ningedanganya. Mshili aliniuliza ipi iliyonivunja mguu, na yako nilikuwa naijua tangu ulipopanda kwake." Alinyoosha kidole kwenye njia. "Umeiona njia yetu? Imezama. Kingo zote mbili zinamzidi mtu kimo. Zamani pikipiki ilikuja, ukaisikia iko upande huu, ukaenda upande ule. Siku ile niliisikia mbele, niliisikia nyuma, niliisikia juu ya kichwa. Mlio ulijaa njia nzima. Nilisimama katikati kwa sababu sikujua nikimbilie wapi. Kijana yeye angepita pembeni yangu, nilivyo mwembamba. Nilichezacheza kama kuku, nikajikuta mbele yake. Sasa nikuulize wewe uliyesoma: nani aliuweka mlio ule mle ndani?"

Mwangwi nilifundishwa chuo kikuu. Kwenye mtihani nilichora kuta mbili na mishale inayorukaruka katikati, nikapata alama zote. Kisha nikawaambia watu mia, sauti ndiyo breki ya kwanza.

"Kunywa chai," Babu alisema. "Sukari umeleta mwenyewe."

Eli alitimiza. Siku Babu alipotembea hadi zizini bila fimbo, aliwaita wale watoto wa mzee akasema. Nilikuwepo, alitaka niwepo. Joshua alimsogelea mpaka nikadhani atampiga. Kisha akamwambia ayaingize majani bandani, mvua inakuja.

Mimi nilirudi Sombetini nikalitoa lile boksi. Sikuwa natupa matumbo, nilidhani siku moja nitayauza kama chuma chakavu. Nilianza na ya kwangu, nikafuata ya Saitoti aliyelalamika kwamba nimeua mtoto wake. Nikawapigia simu wateja mmoja mmoja, narudisha bure. Wachache walikuja. Wengi walicheka. Mmoja alisema, "Msomi umeokoka?" Wengine walikuwa wameshauza pikipiki, na sijui ziko wapi. Boksi halijaisha. Niliendelea na kazi muda, plagi, cheni, breki, lakini filimbi ya sikio ikazidi, na fundi asiyeweza kuisikia cheni anaanza kubahatisha. Nilimwachia banda msaidizi wangu, na ile bisibisi ndefu niliyorithishwa na Fundi Ayo nikamwachia pia.

Kwa hiyo ninyi mnaojifunza, hakikisheni mnapima na kile mnachokipenda. Shaka yangu yote ilikuwa kwa wengine: mteja, mzee, mshili, Eli. Kitu kimoja nilichokitamka kila siku sikukiwekea hata chupa ya nusu lita.

Mwezi uliopita nilipanda kwa miguu kumwona Babu. Nilikuwa katikati ya ile njia iliyozama, kahawa juu kushoto, migomba juu kulia, niliposikia pikipiki iliyofunguliwa. Nikageuka nyuma, hakuna kitu. Nikatazama mbele, kona tupu. Mlio ukazidi, ukaingia kwenye sikio zima na kwenye lile bovu, ukaja kutoka kila ukingo. Nilisimama. Mguu mmoja ulikwenda kushoto, mwingine kulia. Mwishowe nikang'ang'ania mizizi ukingoni, nikajibana kwenye udongo, na ikanipita karibu kiasi cha kunipuliza suruali. Ilitoka juu. Kijana sikumjua, wala yeye hakuniona.

Lakini mkato wa ekzosi niliuona vizuri, na mshono wa kuchomelea. Ulikuwa wangu.